Ukuta Ulipopata Joto

Siku ya tatu baada ya Mwalimu kukutwa amekufa pale ngazi zinapokunja kona, Inspekta alirudi peke yake katika ile nyumba, akaketi kwenye kipandio cha nne kutoka juu, na kwa karibu saa nzima hakufanya kitu kingine ila kuutazama ukuta.

Ilikuwa alasiri. Vumbi jeupe la jasi lilikuwa limetanda kila mahali: juu ya piano, juu ya mashuka yaliyofunika viti, hata juu ya majani ya ua lililokuwa chunguni karibu na mlango. Mwanga uliopenya mapazia nao ulikuwa mweupe, mzito kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji, na mtu akikaa kimya ndani yake alianza kuhisi kwamba anaota huku macho yako wazi. Kazini walimwita Inspekta kwa jina la Taratibu, na wenzake walikuwa na utani kwamba ukimtuma kiberiti, uwe tayari kula vibichi. Mwenyewe aliusikia utani huo akaupenda. Alikuwa mwanamke ambaye akishakitolea kitu macho hakukiacha mpaka ajue kilifikaje pale kilipo.

Kesi yenyewe ilionekana imekwisha. Mwalimu, mwanamke wa miaka sabini na mmoja aliyefundisha piano nusu ya watoto wa mtaa ule, alianguka au aliangushwa kutoka juu ya ngazi, kichwa kikapiga ukingo wa kipandio. Daktari alisema hakufa papo hapo. Huenda alikaa hai kwa nusu saa. Asubuhi ile, ukiacha wanafunzi waliokuja kwa masomo, nyumbani mlikuwa na watu wengine wawili tu. Mmoja ni mdogo wake wa kuzaliwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mdogo, na ambaye macho yake yalishaingia ukungu asione ila mwanga na giza. Wa pili ni fundi wa jasi, aliyekuwa akitengeneza upya ukanda wa maua uliopamba ukuta wa ngazi. Siku moja kabla, wanafunzi walimsikia Mwalimu akimgombeza fundi huyo kwa sababu ya vumbi lililoingia kwenye piano. Sajenti hakuhitaji zaidi. Fundi alikuwa mahabusu tangu jioni ya siku ile ile.

Kilichomrudisha Inspekta ni mwiko.

Aliuona kwenye picha za tukio: mwiko mdogo wa fundi, umesimama ndani ya ndoo ya maji chini ya ngazi, umewekwa pale kwa uangalifu ili usiote ukoko. Kisha akauona ule ukanda wenyewe. Ulikuwa na maua kumi na moja kamili, na la kumi na mbili lilikuwa na petali tatu tu. Fundi alikuwa amemweleza Sajenti kwamba alikoroga jasi saa nne kasoro dakika ishirini, na kwamba jasi huchukua nusu saa kuwa ngumu. Aliondoka saa tano kasoro robo kwenda kutafuta misumari, akarudi saa sita na dakika ishirini na kukuta watu wamejaa mlangoni. Basi kwa maelezo yake mwenyewe aliondoka wakati jasi imeshakuwa jiwe. Lakini mtu aliyemaliza kazi haachi mwiko ndani ya maji, na mtu ambaye jasi imemgandia mkononi haachi ua lina petali tatu.

Kulikuwa na kitu kingine ukutani, mbele kidogo ya ua lile. Alama ya kiganja.

Alama hiyo haikuwa siri kwa mtu yeyote. Ilikuwa ya mpwa wa Mwalimu, fundi saa mwenye kibanda chake mwisho wa mtaa, mtoto wa dada yao wa katikati. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na Mwalimu na mdogo wake wakamlea. Hadi leo, mtu mzima wa miaka arobaini, aliwaita Mama Mkubwa na Mama Mdogo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwonyesha Sajenti ile alama kabla hajaulizwa. Alisema alipita kuwaamkia muda mfupi kabla ya saa nne, fundi akiwa uani anaosha karai, naye akipanda ngazi akaegemea jasi mbichi bila kujua. Alitoka saa nne juu ya alama, akafungua kibanda chake. Mwalimu alisikika akifundisha piano hadi saa tano na nusu. Kwa hiyo kiganja kile kilimsafisha mwenye nacho: kiliingia ukutani kabla jasi haijashika, na Mwalimu alikuwa hai kwa saa moja na nusu baada ya hapo.

Inspekta alisogea, akakunja goti, akaweka mkono wake hewani juu ya alama bila kuigusa. Ilikuwa chini kuliko alivyotarajia, usawa wa kiuno. Vidole vilielekea chini.

Alipanda vipandio viwili, akashuka. Akapanda tena. Kila alipopanda, mkono ulienda wenyewe mbele na juu. Aliposhuka, ulienda chini. Aliandika hilo katika daftari lake, akapigia mstari, kisha akaenda kubisha mlango wa chumba cha juu.

Mama Mdogo alikuwa ameketi kitandani akifumua sweta la zamani, uzi ukizunguka mkononi mwake duru baada ya duru. Alimkaribisha Inspekta na kumwomba radhi kwa kukosa cha kumpa. Aliongea kama mtu aliyeamka muda si mrefu, akisimama katikati ya sentensi kana kwamba anasikiliza chumba cha pili. Alirudia yale aliyomwambia Sajenti. Alikuwa amejinyoosha kitandani kama kawaida yake kabla ya chakula cha mchana. Aliamka nyumba ikiwa kimya mno, akaita, hakujibiwa, akatoka akipapasa ukuta. Mguu wake ndio uliomkuta dada yake.

Inspekta alimuuliza alifanya nini baada ya hapo.

“Nilikaa pale chini,” alisema. “Nikamshika mkono. Nikaegemea ukuta. Ukuta ulikuwa na joto, mwanangu. Kama mgongo wa mtoto mwenye homa.”

“Ukuta, Mama?”

“Ukuta. Nilimwambia yule kijana wako. Akasema ni mshtuko, nipumzike.”

Katika maelezo aliyoandika Sajenti hapakuwa na neno lolote kuhusu joto. Inspekta aliuliza kama anakumbuka saa. Mama Mdogo hakuwa na haja ya kufikiri; macho yalipomwacha, masikio ndiyo yaliyobaki na kazi zote. Kengele ya saa sita ya shule ya jirani ilikuwa imelia yeye akitafuta kandambili zake. Kutoka hapo hadi kwenye kona ya ngazi ni dakika kumi, labda kumi na tano, kwa mwendo wake.

Inspekta alirudi kwenye ngazi na kuuweka mgongo wa mkono ukutani. Ulikuwa baridi, wenye unyevu kidogo, kama mtungi. Alitafuta joto lilikotoka. Nyuma ya ukuta ule mlikuwa na kabati la mashuka. Alilifungua, akatoa mashuka yote, akapapasa mbao. Hapakuwa na bomba. Jua halikufika pale. Dirisha la ngazi lilikuwa upande wa pili na mwanga wake uliangukia sakafuni. Jiko lilikuwa mbali, mwisho wa ukumbi. Angeweza kusema, kama Sajenti, kwamba mtu aliyekalia maiti ya dada yake anaweza kuhisi chochote. Alikaa tena kwenye kipandio cha nne na kulifikiria jambo hilo. Mtu aliyezoea kuijua dunia kwa ngozi yake huenda akakosea mengine yote, lakini si joto.

Jioni alimtoa fundi mahabusu, akampa kiti na kikombe cha chai, akamuuliza habari za jasi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imepauka hadi kwenye viwiko, na kwa siku tatu alikuwa amejibu alichoulizwa bila kuzidisha nukta. Alimsahihisha Inspekta mara ya kwanza tu alipofungua mdomo. Jasi haikauki, alisema. Kukauka ni maji kuondoka. Jasi inashika, na kushika ni maji kuingia ndani ya unga na kukaa humo moja kwa moja, mpaka vinakuwa kitu kimoja. Maji yakishaoana na unga ule hayatoki tena kwa kupepewa. Na ndoa hiyo, alisema akitazama chai, ina moto wake.

“Moto gani?”

“Jasi ikishika inapata joto. Uliza fundi yeyote.”

Inspekta aliweka kalamu chini. Aliuliza kama siku ile jasi ilimchukua nusu saa.

“Hapana. Saa mbili na kitu.”

“Mbona ulimwambia Sajenti nusu saa?”

“Aliniuliza jasi huchukua muda gani kuwa ngumu, nikamjibu. Hakuniuliza jasi yangu ya siku ile.”

Ilimchukua Inspekta muda kumtoa lililobaki, kwa sababu lilikuwa siri ya ukoo. Maua yale hayawezi kuchongwa kwa nusu saa. Petali moja peke yake inataka dakika kumi. Kwa hiyo marehemu baba yake alimfundisha kutia kijiko cha gundi ya ngozi iliyochemshwa kwenye maji kabla ya unga. Gundi hiyo huisumbua jasi, inakaa kati ya maji na unga kama mtu aliyesimama mlangoni, na kazi ya nusu saa inakuwa ya saa mbili. Ndiyo maana aliweza kwenda dukani na kuuacha mwiko majini. Alijua ua litamngoja. Alipoulizwa kwa nini hakulisema hilo mapema na kujiokoa, alionekana kushangaa. Hakuona linamwokoa vipi.

Asubuhi ya siku ya nne, uani mwa kituo cha polisi, Inspekta alipanga makarai manne chini ya kivuli cha ukuta. Unga ulikuwa mmoja, kutoka kwenye gunia lile lile la nyumbani kwa Mwalimu, na maji yalipimwa kwa kikombe kimoja. Alikuwa ameazima kipimajoto kirefu cha maabara kwa mwalimu wa kemia wa shule ya jirani, ambaye alikitoa shingo upande baada ya kuapiwa mara mbili kwamba kitarudi kizima. Fundi alifunguliwa pingu ili akoroge. Sajenti alipewa saa, daftari na kazi ya kubonyeza kiganja chake kwenye kila karai kila baada ya dakika tano, jambo alilolifanya huku akitazama pembeni kama mtu anayepimwa mkojo.

Karai la kwanza lilikuwa la kawaida: maji ya bomba, unga, basi. Kwa dakika ishirini lilipokea kiganja kama uji uliopoa. Dakika ya ishirini na sita halikupokea ila kucha, na kipimajoto, kilichoanza kwenye ishirini na saba, kilikuwa kimepanda hadi arobaini na moja.

Karai la pili lilikorogwa kwa maji ya vuguvugu, na fundi alilipiga muda mrefu bila kupumzika. Lilishika kwa dakika kumi na nne. Maji yakiwa na joto kila kitu ndani yake kinakwenda haraka, alieleza; na ukikoroga sana unavikutanisha vitu ambavyo vingekutana polepole. La tatu halikuoshwa. Makombo ya jasi ya jana yaliachwa yameganda pembeni, na hilo lilishika kwa dakika kumi na mbili, kabla Sajenti hajaandika vizuri. Makombo magumu yanaonyesha njia kwa unga mpya, fundi alisema, ndiyo maana yeye huosha karai kila mara. Alimwonyesha Inspekta pia mabonge yaliyopata unyevu ndani ya gunia: hayo hukawia, kwa sababu maji yanayafikia kwa nje tu, lakini yakisagwa yanashika upesi kama unga mwingine.

Karai la nne lilitiwa gundi.

Lile halikuwa na haraka na mtu. Saa moja ilipita, likawa bado uji. Jua lilizunguka, kivuli kikahama, makarai yakahamishwa kukifuata. Polisi waliopita uani walisimama, wakauliza, wakaondoka. Fundi aliegemea ukuta akafumba macho, na Inspekta, ambaye hajawahi kuchoka kungoja, aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama ule weupe usiobadilika, mpaka sauti za barabarani zikawa kama zinatoka kwenye nyumba ya mbali na mawazo yake yakaanza kuelea. Alimwona Mwalimu akishuka ngazi, akapanda, akashuka. Kisha Sajenti akasema kwamba limeanza kukaza.

Ilikuwa saa mbili na dakika tano tangu kukorogwa. Inspekta alimwambia abonyeze, na abonyeze kwa nguvu.

Alama iliyotoka ilikuwa tofauti na zote. Zile za jasi mbichi zilikuwa za kina, laini, kingo zake zimevimba kwa mviringo. Hii ilikuwa ya juujuu, kingo zimemeguka, na kutoka kwenye ncha za vidole zilitoka nyufa nyembamba kama za tope lililopigwa jua. Sajenti aliitazama, akaitazama picha ya ukuta, kisha akaandika saa bila kuambiwa. Dakika ishirini baadaye kipimajoto kilianza kupanda.

Hesabu ilikuwa fupi. Saa nne kasoro dakika ishirini, ongeza saa mbili na dakika tano. Kiganja kiliingia ukutani saa sita kasoro robo, au karibu na hapo. Piano ilikuwa imenyamaza robo saa kabla.

Kibanda cha fundi saa kilikuwa chembamba kama korido. Saa za ukutani zilijaza pande zote mbili, hakuna mbili zilizogonga pamoja, na mlio wao ulikuwa kama mvua ndogo isiyokatika. Alimkaribisha Inspekta kwa adabu, akafuta kiti, akauliza kama fundi wa jasi ameshakiri. Inspekta alifungua gazeti alilobeba na kuweka mezani, kati ya vigurudumu na bisibisi ndogo, vipande viwili vya jasi vyenye alama ya kiganja cha Sajenti.

“Kipi kinafanana na chako?”

Mpwa aliinama juu yavyo. Aliweka kioo chake kidogo jichoni, kwa mazoea, na kutazama kwa muda mrefu. Alisema ni vigumu kujua.

“Wewe ni fundi,” Inspekta alisema. “Usiniambie ni vigumu.”

Aligusa kile laini. Inspekta akaweka kando yake picha ya ukuta, iliyosafishwa kubwa, yenye kingo zilizomeguka na nyufa kwenye ncha za vidole. Akamweleza kila kipande kilibonyezwa dakika ya ngapi.

“Nilimuuliza fundi mwenyewe wiki iliyopita,” mpwa alisema. “Aliniambia nusu saa.”

“Siku ile alitia gundi. Ilichukua zaidi ya saa mbili.”

“Hayo ni maneno ya mtu aliye mahabusu.”

“Kweli. Ndiyo maana sikuyaegemea peke yake.” Inspekta alivuta kiti karibu. “Jasi hupata joto mara moja tu, pale inaposhika. Kama ingeshika saa nne, hadi saa sita ingekuwa baridi kama ilivyo leo. Kuna mtu aliyeuegemea ukuta ule baada ya kengele ya saa sita. Aliukuta una joto.”

“Nani?”

“Mama Mdogo.”

Mpwa alivua kile kioo jichoni. Alikiweka mezani, akakisogeza kidogo, akakirudisha kilipokuwa. Inspekta alikuwa na swali la vidole vilivyoelekea chini, lakini hakulitoa. Aliona halihitajiki.

Mpwa alianza kueleza bila kuombwa, kwa sauti ya mtu anayesimulia alichokiona dirishani. Alikuwa ameandika barua kwa nyumba moja ya mbali inayotunza watu wasioona. Mama Mdogo alikuwa ameshajichoma jikoni mara mbili mwaka ule, na Mama Mkubwa mwenyewe alikuwa anazeeka. Nani angemwinua mwenzake siku mmoja akianguka? Nyumba ile ilikuwa imejibu kwamba nafasi ipo. Mwalimu aliikuta barua hiyo katika koti alilomshonea kifungo, akampigia simu aje somo likiisha. Aliingia kwa mlango wa uani saa tano na nusu na dakika chache. Walibishana juu ya ngazi, wote wawili kwa kunong'ona, kwa sababu mlango wa Mama Mdogo ulikuwa nyuma yao na ni saa yake ya kupumzika. Mwalimu alisema mdogo wake hatapelekwa popote kama mzigo. Akataka kuichana barua. Yeye akaishika, Mwalimu akavuta, karatasi ikakatika katikati. Alibaki na nusu mkononi, na mbele yake hapakuwa na mtu.

Inspekta aliuliza alifanya nini.

Alishuka, akaiokota nusu nyingine ya barua. Pale kwenye kona hapakuwa na nafasi ya kupita ila kumruka, na alipoinua mguu aliegemea ukuta. Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Alikusudia kwenda huko, alisema, na Inspekta alimwamini. Lakini miguu ilimleta hapa. Aliketi kwenye kiti hiki akingoja mikono iache kutetemeka ili aweze kuongea na watu. Mbele yake palikuwa na saa ya mezani ya mteja, imefunguliwa. Aliishika ili mikono itulie. Ilipotulia, alikuwa amesharudisha gurudumu la mwisho, na kengele ya shule ilikuwa ikilia.

“Ulipomruka alikuwa hai?”

“Alikuwa hai.”

“Alikuona?”

“Alikuwa ananitazama.”

Saa mojawapo ukutani iligonga, ikafuatiwa na nyingine iliyochelewa. Inspekta alingoja zote zimalize.

“Alisema neno?”

Mpwa alitikisa kichwa kukubali.

“Alisema, ‘Usimwamshe mwenzangu.’” Aliitazama mikono yake. “Basi nikavua viatu. Nikashuka peku.”

Aliandikiwa maelezo, akayasoma kwa makini, akasahihisha sehemu moja ya saa kwa dakika nne, akatia sahihi. Fundi wa jasi aliachiwa alasiri ile ile. Mkewe alikuwa getini tangu asubuhi na nguo safi katika mfuko. Sajenti alimtoa mwenyewe hadi nje, akamwomba radhi, na fundi akapokea radhi hiyo kwa neno moja kama alivyopokea mengine yote.

Ilibaki kazi ambayo Inspekta angeweza kumwachia mtu mwingine. Alikwenda yeye. Mapazia ya chumba cha juu yalikuwa wazi, na Mama Mdogo alikuwa amegeuzia uso dirishani, kule ambako bado aliweza kutofautisha kitu. Alisikiliza kuhusu barua, kuhusu mvutano, kuhusu kibanda na saa ya mteja. Hakulia na hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu dada yake alisema nini mwisho, na Inspekta, ambaye alikuwa amepanga njiani kutomwambia, akamwambia. Akamwambia na habari ya viatu.

Mama Mdogo alilaza mikono mapajani.

“Tangu mdogo,” alisema hatimaye, “alikuwa mtoto msikivu sana.”